Matundu Mawili Juu ya Gari la Mama Filomena

Kwaru, kwaru, kwaru.

Siwema alifungua macho gizani akadhani ni panya kwenye unga. Akasikiliza. Sauti ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza tena polepole, kama mtu anayepara dagaa mmoja mmoja. Akanyoosha mkono kitandani. Upendo alikuwepo, amelala kifudifudi, mguu mmoja umepanda ukutani. Upande wa mlangoni ulikuwa mtupu.

"Baba Upendo?"

"Lala."

"Unafanya nini?"

"Natoa gundi ya silikoni kwenye kucha."

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Barabarani malori ya Zambia yalikuwa yameanza kunguruma, na vyombo kwenye kabati la chumba chao kimoja vilitetemeka kila lori lilipopita. Siwema aliketi, akajifunga kanga, akamtazama mumewe kwa mwanga wa simu. Yohana alikuwa kwenye kigoda, kisu cha mboga mkononi, anakwangua vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Meneja wa kambi alipiga ulipokuwa umelala," alisema bila kuinua kichwa. "Lile gari la kulala linavuja kuliko jana. Kabla sijaligusa yalikuwa matone. Sasa anasema maji yanamwagika. Yule mama ameamka amelowa mpaka kwenye mto."

Siwema alijua uzito wa simu ile. Miezi mitatu nyuma walihama Kilosa na kuja Mikumi kwa sababu ya ahadi moja: kambi ya wageni ilikuwa inajenga vyumba vinane vyenye viyoyozi, na ilitaka fundi wake wa kudumu, mwenye mkataba wa mwaka. Mkataba ulikuwa usainiwe leo. Bila huo, kodi ya chumba hiki ingekwisha mwisho wa mwezi na wangerudi Kilosa kwenye chumba cha uani kwa shemeji yake, na Siwema angeacha masomo yake ya jioni huku mtihani ukiwa umebaki miezi miwili.

"Hebu niambie," alisema kwa upole. "Ulikuta nini kule juu?"

"Nilifungua mfuniko wa kiyoyozi. Chini ya mashine kuna sinia. Viyoyozi vya ukutani vina bomba la kutolea maji, nimevifunga mwenyewe, navijua. Hiki hakina bomba. Sinia lina matundu mawili tu pembeni, yanatokea moja kwa moja kwenye paa. Nikajua hapo ndipo mvua inapoingilia. Nikaziba."

"Mvua gani?"

Kisu kikaacha kukwangua.

"Mvua gani, Baba Upendo? Tangu tuhamie hapa sijawahi kuanua nguo kwa kukimbia."

Yohana alikuwa fundi bati kwa miaka kumi na miwili kabla hajajifunza viyoyozi. Alikuwa ameezeka nusu ya nyumba za mtaa wao kule Kilosa. Fundi bati akiona tundu juu ya paa hafikirii. Mkono wenyewe unakwenda kwenye mfuko. Ndivyo mkono wake ulivyokwenda jana, saa tisa alasiri, jua likimchoma shingo, na aliposhuka alikuwa anapiga mluzi.

"Maji ya mashine yenyewe," alisema taratibu. "Yale yanayotoka kama jasho. Yalikuwa yanapita pale."

"Sasa yanapita wapi?"

"Yanajaa sinia, yanafurika, yanamshukia bibi wa watu." Akaweka kisu chini. "Tena nimeziba mara mbili. Tabaka juu ya tabaka."

Siwema aliuma ncha ya kanga ili asicheke. Haikuwa siku ya kucheka. Lakini Yohana alimwona mabega yakitikisika, na yeye mwenyewe pua ikamtoka pumzi ya kicheko asichokitaka.

"Nitasema nyani," alisema baadaye, wakati chai inachemka. "Pale kambini wamejaa. Wanarukaruka juu ya mapaa kutwa. Nitasema usiku wamelirukia, wamelegeza kitu. Nitapanda, nitazibua kimya kimya, basi."

"Na akiuliza nani aliyeyaziba?"

"Hatauliza. Nani anajua yaliyoko juu ya gari?"

Siwema alimimina chai kwenye vikombe viwili. "Haya," alisema. "Ila huyo nyani wako ametumia silikoni nyeupe, na kucha zako bado nyeupe."

*

Walikwenda wote watatu kwa boda moja, ngazi imefungwa ubavuni. Siku hiyo Siwema hakukaanga maandazi yake ya kuuza. Yohana alikuwa amesema anahitaji mtu wa kumshikia ngazi, kwa sababu jana aliyemshikia alikuwa anachezea simu. Lakini wote wawili walijua kwamba hakutaka kwenda peke yake.

Getini mlinzi Sironka aliwasimamisha. "Fundi anaingia. Familia inakwenda wapi? Kwenye harusi?"

"Huyu ni msaidizi wangu."

"Na huyu mwenye kandambili za kushoto mbili?"

Yohana alitazama miguu ya Upendo. Kweli. "Huyo ni msaidizi wa msaidizi."

Sironka alicheka, lakini aliwafungulisha mfuko, akatoa bisibisi, koleo, kitambaa, spoku ya baiskeli, chapati mbili za mtoto, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja. Mzungu aliyekuwa anatoka na gari alisubiri geti huku akizitazama zile chapati. Siwema alizikunja tena ndani ya karatasi, akazirudisha mfukoni, akasema ahsante kaka kama vile amefanyiwa wema.

Gari lilikuwa mwisho wa uwanja, kwenye mteremko unaotazama korongo: jeupe, refu, nyumba nzima juu ya magurudumu, na juu ya paa lake kiyoyozi kimekaa kama kobe. Godoro lilikuwa limetolewa nje na kuegemezwa juani. Karibu na godoro, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mwenye gari, Mama Filomena, mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja aliyekuwa analiendesha mwenyewe kwenda Songea kwa dada yake. Joto lilikuwa linampandisha presha. Ndiyo maana bila kiyoyozi hakulala.

"Shikamoo mama," walisema wote, na Upendo akarudia peke yake kwa sauti ya juu.

"Marahaba, mwanangu." Hilo lilikuwa la Upendo. Kisha macho yakampandia Yohana. "Wewe ndiwe uliyenilaza na kambale?"

Yohana hakupata nafasi ya kujibu, kwa maana nyuma ya gari alitokea mwanamume mwenye ovaroli mpya ya bluu, na nyuma yake Beatrice, meneja wa kambi, simu mbili mkononi. Siwema alimsalimia Beatrice. Beatrice alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akamgeukia Yohana.

"Fundi, huyu ni Donati, kutoka Morogoro. Nilimpigia usiku. Sikuwa na la kufanya."

Donati alipangusa mikono. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ametoka Morogoro saa tisa usiku na hakutaka safari iwe ya bure. "Nimechungulia kwa juu juu," alisema. "Hii mashine imekwisha. Nyani wameirukia, imepasuka ndani. Huwa inatokea sana hizi kambi za mbugani. Iagizwe mpya Dar, siku nne, nitaifunga mwenyewe."

"Siku nne nilale kwenye sufuria?" alisema Mama Filomena.

"Ndiyo hali halisi, mama. Nyani hawana adabu."

Yohana alisimama na ngazi begani. Uongo aliokuja nao kutoka nyumbani alikuwa ameukuta umeshafika, umekaa, umekaribishwa kwa chai. Hakuhitaji hata kuusema. Angetikisa kichwa tu. Beatrice alikuwa tayari ana sura ya mtu aliyepata nafuu: nyani hawana wa kuwalaumu, kambi haina kosa, fundi wake hana kosa. Mkataba ungesainiwa. Na mama wa watu angenunua kiyoyozi kipya kwa sababu ya matundu mawili.

Siwema hakumtazama mumewe. Alikuwa amechuchumaa anambadilisha Upendo kandambili, anavaisha ya kushoto kushoto, na ile ya pili, ambayo nayo ni ya kushoto, anaigeuzageuza mkononi.

"Si nyani," alisema Yohana.

"Unasemaje?"

"Mashine ni nzima. Ni mimi. Kuna matundu mawili ya kutolea maji, jana niliyaona nikadhani ni ya kuvuja, nikayaziba. Maji yakakosa pa kwenda."

Kisha Donati akacheka, kicheko cha tumbo. "Umeziba njia ya maji? Kaka, si ungepaka na rangi kabisa! Ungemwekea na gata la mvua!"

"Mimi ni fundi bati kwa asili," alisema Yohana.

"Inaonekana. Umeezeka mpaka kiyoyozi."

Beatrice alikuwa amefumba macho kwa sekunde moja. "Fundi, unajua unachokisema? Mkataba uko mezani kwangu. Saa nne mwenye kambi anafika, nilikuwa namwambia nimepata mtu makini."

"Najua, meneja."

"Basi sikiliza. Akifika saa nne gari linavuja, anasaini Donati. Sitabishana naye."

Mama Filomena alikuwa amemtazama Yohana muda wote huo, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza kitu tumboni mwa mtu. "Presha imenipanda usiku kwa ajili yako," alisema. "Hilo sitalisahau leo wala kesho. Lakini anayejua alipokosea atanifaa kuliko anayejua bei. Panda."

*

Silikoni ikishalala usiku mmoja, inakuwa kama nyama ya kongoro. Yohana alilala kifudifudi juu ya paa akaichokonoa kwa spoku, kipande baada ya kipande, akijihadhari asitoboe mabomba membamba ya mashine. Siwema alisimama katikati ya ngazi, ndoo mkononi, anapokea vipande na kumpandishia maji ya kujaribia. Wapishi wawili walitoka jikoni kuangalia.

"Dada, shuka, utaonyesha dunia!"

"Dunia itaona suruali," alisema Siwema bila kugeuka. "Nyie angalieni vitunguu vyenu, naisikia harufu kutoka huku."

Mmoja alikimbia kweli.

Saa tatu kasoro, tundu la kwanza lilifunguka, mwanga ukapita. La pili likafuata. Yohana aliyasafisha kwa kitambaa, akavuta pumzi ndefu, akamimina kikombe cha maji ndani ya sinia ili ayaone yakitoka.

Hayakutoka.

Akamimina cha pili. Ndani ya gari, Mama Filomena alipaza sauti: "Tone!" Halafu: "Lingine! La tatu! Hili limeniingia kwenye miwani!"

Donati, aliyekuwa ameegemea gari lake, alitazama saa yake. Jasho lilimtiririka Yohana mpaka kidevuni. Alichungulia matundu: yako wazi. Alichomeka spoku: inapita. Akakaa juu ya paa, miguu imening'inia, akatazama korongo kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

"Yapo wapi?" aliuliza Siwema.

"Nini?"

"Maji uliyomimina. Yapo wapi?"

"Siwema, basi. Acha nifikiri."

Yohana hakumwita kwa jina lake ila akiwa amechoka. Siwema hakubishana, aliweka ndoo kwenye ndoana ya ngazi, akapanda vidaraja vinne vilivyobaki, akatambaa juu ya paa la moto mpaka kwenye mashine, akachungulia. Maji yalikuwepo, yametulia. Lakini yalikuwa yamekusanyika kwenye kona ya nyuma ya sinia, upande wa mkia wa gari. Matundu yalikuwa upande wa mbele, makavu, yanapiga miayo.

Siwema alizaliwa Tindiga, kwenye mpunga. Kabla hajajua kusoma alijua kulinda jaruba, kitalu cha mpunga chenye kingo, na alipigwa mara moja tu kwa kosa la kufungulia maji mahali pasipostahili.

"Baba Upendo," alisema. "Jaruba likiinama huku, ukachimba mlango kule, maji yanafanyaje?"

"Yanakutazama tu."

"Haya. Hili limeinama."

Yohana aliangalia sinia. Akaangalia paa. Akaangalia uwanja, jinsi ulivyoteremka kuelekea korongoni, na gari lilivyoegeshwa pua juu, mkia chini. Akagonga paa kwa kiganja. "Mama! Mama Filomena! Hili gari lilianza kuvuja lini?"

Kichwa chenye mvi kilitoka dirishani, miwani ina matone. "Jumatatu nilipofika hapa. Morogoro nimelala siku tatu, hata tone."

"Lilikuwa limekaa tambarare?"

"Kanisani, kwenye sakafu ya saruji."

Yohana na Siwema walitazamana juu ya paa, wote wawili wamepiga magoti. Kumbe hata kabla ya silikoni kosa halikuwa la mashine. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake. Uwanja ndio uliokuwa umeinama, na silikoni ikaziba hata yale maji machache yaliyokuwa yanaponyokea mbele.

"Tunaligeuza," alisema Yohana. "Pua itazame korongo. Nani ataendesha?"

"Unauliza swali gani wewe?" alisema Mama Filomena. "Shukeni kwenye nyumba yangu."

*

Kuligeuza gari lile katika uwanja ule kulikuwa kazi ngumu kuliko kuchokonoa silikoni. Sironka aliacha geti akaja kuelekeza, njoo mama, njoo, simama, simama! Godoro likahamishwa. Tairi la nyuma lilipita juu ya bustani ya Beatrice na kulaza safu nzima ya maua, na Beatrice akashika kiuno, akafungua mdomo, akaufunga. Mama Filomena alikuwa amevua miwani akaiuma kwa jino, anakata usukani kama anayesonga ugali wa watu arobaini.

"Bado limelala kushoto," alisema Donati. Alikuwa amesogea bila mwenyewe kujua. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na pima maji, ile fimbo ya mafundi yenye kioo na povu ndani, akamrushia Yohana. "Chukua. Msije mkaligeuza mpaka Iringa."

Yohana aliiweka juu ya kizingiti cha mlango. Povu lilikimbilia upande mmoja. Wakatafuta ubao, wakauweka chini ya tairi la kushoto la mbele, gari likapanda kidogo, likatulia. Povu likarudi katikati, likasita. Na kutoka mkia mpaka pua, liliinama mbele kiasi cha unene wa kidole. Kiasi hicho hicho Yohana alikitaka.

"Washa, mama. Baridi yote."

Kiyoyozi kilikohoa, kikanguruma. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Wakaingia ndani wote, hata Donati, wakasimama kati ya kitanda kisicho na godoro na jiko dogo, vichwa juu, midomo wazi, wanatazama kidirisha cha hewa darini. Hewa baridi iliwashukia usoni. Beatrice alifunga macho kwa raha kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini.

Dakika tano. Hakuna tone.

"Inaweza kuwa bado haijatoa jasho," alisema Donati. "Nasema tu."

"Najua," alisema Yohana.

Dakika kumi. Mama Filomena alipapasa dari kwa kiganja, akakiangalia. Kikavu. Lakini hata jana, alisema, ilichukua muda; lilinyamaza kwanza kama jambazi, halafu likamwaga. Siwema alishika mkono wa mumewe nyuma ya mgongo, mahali ambapo wengine hawaoni, na kwenye ncha za vidole vyake akagusa mabaki magumu ya silikoni. Alikuwa anafikiria chumba chao cha malori, na daftari lake la sayansi alilolifunika gazeti, na namna Yohana alivyosema si nyani mbele ya watu wote wale. Na kwamba hata kama wangerudi Kilosa, hilo lingekwenda nao.

Dakika kumi na tano. Getini honi ililia mara mbili, honi ya gari la mwenye kambi. Sironka aliruka nje akakimbia. Beatrice alijinyoosha sketi, akamtazama Yohana, akatazama dari, akamtazama Donati.

Kama maji hayajashuka ndani, lazima yawe yanatoka mahali. Au yanajikusanya. Yohana alijua kwamba ndicho kila mtu anachokiwaza, na yeye ndiye aliyepaswa kwenda kuangalia, lakini alibaki akitazama dari.

Nje, Upendo alikuwa amesahaulika. Alikuwa amemaliza chapati zote mbili na kukaa chini kwenye kivuli cha gari, miguu imenyooka, kandambili zake za kushoto mbili zimetazama upande mmoja. Kitu cha baridi kilimgusa kwenye mguu. Akainua macho. Kutoka juu ya paa, kando ya kioo cha mbele, uzi mwembamba wa maji ulikuwa unashuka, unang'aa, haukatiki, unaanguka kwenye vumbi na kuchimba kishimo kidogo. Aliutazama mpaka akahakikisha. Kisha akasimama, akaenda mlangoni kulikojaa migongo ya watu wazima, akavuta kanga ya mama yake.

"Mama, gari linakojoa."